Oktoba ya Mpenda Filamu Chuoni Madison

Ukifika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison mwezi Agosti, ukawakuta wanafunzi wamejilaza kando ya Ziwa Mendota na kaptula zao, usidanganyike. Oktoba itakukuta majani yameshakuwa mekundu na yanapukutika, asubuhi zina ukungu na baridi ya kukufanya uchukie kuyaacha mashuka, profesa ametangaza mtihani wa katikati ya muhula, na maduka yamefurika maboga, mifupa ya plastiki na mifuko mikubwa ya pipi. Huo ndio msimu wa Halloween. Sikukuu yenyewe ni usiku wa tarehe 31, mkesha wa Watakatifu Wote, lakini kwa mtu anayependa filamu ni mwezi mzima, na sioni mwezi mwingine wa kuushinda katika kalenda ya chuo cha Marekani. Kazi iliyopo ni kuutumia bila kufeli na bila kufilisika. Zaidi ya hayo, usiumalize chumbani na simu mkononi, ukitazama peke yako kitu ambacho watu mia wanakitazama pamoja jengo la pili.

Hilo la mwisho nalisisitiza kuliko yote. Filamu ya kutisha ilitengenezwa kwa ajili ya ukumbi. Hofu inaambukiza: mtu wa safu ya mbele akishtuka, na wewe unashtuka kabla hujajua kwa nini, kisha ukumbi mzima unacheka kwa aibu. Kwenye simu hakuna kicheko hicho, na mlango ukigongwa unabonyeza kitufe filamu inasimama. Kwa hiyo kanuni yangu kwa Oktoba ni kupunguza idadi na kwenda ukumbini. Filamu moja ya ukumbini kwa wiki inatosha, na inakuachia siku za kusoma.

Pa kwenda

Anza na Cinematheque ya chuo, ukumbi namba 4070 ndani ya Vilas Hall. Kiingilio ni bure, aliyewahi ndiye anayepata kiti, na filamu nyingi huonyeshwa kwa mkanda halisi wa milimita 35, pamoja na mikwaruzo yake. Fika mapema na uzime simu kabisa. Watazamaji wa pale ni watu wa ibada; ukinong'ona tu, shingo kumi zinakugeukia. Beba sweta hata kama nje kuna jua.

Ukumbi wa pili ni Marquee, ndani ya jengo la Union South, ambako kamati ya wanafunzi iitwayo WUD Film ndiyo inayochagua filamu. Jiunge nayo. Mikutano yake ni njia rahisi kuliko zote ya kupata marafiki wanaoongea lugha yako ya pili, yaani sinema, na utakaa mezani pamoja na watu wanaobishana saa nzima kama filamu fulani iwekwe Ijumaa au Jumamosi. Mgeni ambaye bado anaogopa Kiingereza chake husahau kukiogopa akitakiwa kutetea filamu anayoipenda.

Wapo watakaokualika kwenye The Rocky Horror Picture Show usiku wa manane. Filamu hiyo ya 1975 ilianguka ilipotoka, kisha kuanzia 1976 ukumbi wa Waverly mjini New York ukaanza kuionyesha saa sita za usiku, na mpaka leo haijaacha kuonyeshwa. Watu huja wamevaa kama wahusika, huijibu filamu kwa sauti, hurusha mchele harusi inapofungwa kwenye pazia, na waigizaji wa kujitolea hucheza kila tendo mbele ya picha. Anayekuja mara ya kwanza huitwa bikira, na huenda akachorwa herufi V usoni kwa rangi ya mdomo. Ujue mapema kwamba ina mambo ya chumbani na wanaume waliovaa soksi ndefu za kike; kama si wewe, kataa kwa adabu, hakuna atakayekulaumu. Ila ukienda, utagundua kwamba Wamarekani wanafanya kwa tiketi kile ulichokifanya utotoni kwenye banda la video. Sisi tuliokua tukisikiliza sauti ya Lufufu ikiwasemea akina Rambo mjini Dar es Salaam, au wenzetu wa Kenya na DJ Afro wao, hatuhitaji kufundishwa kuongea na pazia. Uliza tu ukumbi unaruhusu kurusha nini. Kumbi nyingi zimechoka kufagia mchele.

Utazame nini, na kwa mpangilio gani

Orodha za filamu za kutisha hazina mwisho, na anayejaribu kuzimaliza hujikuta tarehe 20 amelala kwenye mhadhara wa saa tatu asubuhi. Mimi ningekupa nne, na ningeanzia hapohapo jimboni.

Mwaka 1957 polisi walimkamata Ed Gein, mkulima wa Plainfield, kijiji kilichoko kaskazini mwa Madison. Alikuwa ameua, na alikuwa akifukua makaburi. Mwandishi Robert Bloch wakati huo aliishi Weyauwega, si mbali na Plainfield, na mwaka 1959 akatoa riwaya ya Psycho. Alfred Hitchcock akaipeleka kwenye sinema mwaka uliofuata, akaamuru asiruhusiwe mtu kuingia filamu ikishaanza. Gein mwenyewe alifariki mwaka 1984 katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mendota, ng'ambo ya ziwa lilelile unalolipita ukienda darasani. Simulizi hiyo utaisikia bwenini, imetiwa chumvi. Sasa unayo bila chumvi. Damu inayotiririka bafuni katika Psycho ni sharubati ya chokoleti: picha ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na chokoleti ilionekana vizuri kuliko damu bandia.

Baada ya Psycho nenda Halloween ya John Carpenter, ya 1978. Mwanamke anayeuawa bafuni katika Psycho ni Janet Leigh. Binti anayewindwa katika Halloween ni Jamie Lee Curtis, mwanawe wa kumzaa. Ilitengenezwa kwa dola laki tatu na ushee, fedha ndogo sana hata kwa wakati ule, na umaskini wake ndio shule yake. Barakoa ya muuaji ni sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, ilinunuliwa dukani kwa bei ya kutupa na kupakwa rangi nyeupe. Hadithi iko Illinois wakati wa majani kupukutika, lakini walipiga picha California majira ya kuchipua, kwa hiyo majani makavu yalitengenezwa, yakamwagwa barabarani, yakakusanywa na kumwagwa tena kwenye mtaa mwingine. Ukishajua hilo, tazama miti iliyo nyuma ya waigizaji: ni ya kijani kibichi. Kama una ndoto ya kutengeneza filamu Manzese au Kisumu bila mfadhili, hii itazame mara mbili.

Ya tatu ni Night of the Living Dead ya George Romero, iliyotoka Oktoba 1968. Shujaa wake ni Duane Jones, mtu mweusi anayewaamrisha wazungu waliojifungia naye nyumbani, na filamu haisemi neno hata moja kuhusu rangi yake. Mwisho wake sikwambii.

Ya nne ni Get Out ya Jordan Peele, ya 2017, iliyompa mwandishi huyo Oscar ya mswada asilia wa filamu, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Kijana mweusi anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wazungu wa mpenzi wake. Kijana huyo anachezwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza ambaye wazazi wake ni Waganda. Sasa tega sikio mwanzoni, pale miti inapopita dirishani na majina ya waigizaji yanatokea: zile sauti za kunong'ona na kuimba ni za Kiswahili. Mtunzi Michael Abels aliupa wimbo huo jina la Sikiliza Kwa Wahenga, na maneno yake yanamwonya kijana akimbie, ajiokoe. Ukumbi mzima wa Madison unasikia muziki wa kutisha usiojulikana unatoka wapi. Wewe umeshaambiwa kila kitu, na filamu haijafika dakika ya kumi. Sijui mtazamaji mwingine yeyote anayepewa upendeleo huo, na ningeipitisha filamu hii hata kama ingekuwa na kasoro mara mbili ya zilizomo.

Itazame, ukiweza, pamoja na Wamarekani weusi. Watacheka mahali ambapo hukuona kichekesho, na kunyamaza mahali ulipotaka kucheka, na mazungumzo ya baadaye njiani yatakueleza mambo ya nchi hii ambayo semina ya kuwakaribisha wanafunzi wa kigeni haikuyagusa. Kisha, kama muda unaruhusu, ongeza Us ya 2019, Lupita Nyong'o akicheza mtu na kivuli chake.

Insha inayokusubiri

Kama umechukua kozi ya filamu, Oktoba ndiyo siku za insha ya kwanza. Idara ya Madison ina jina kubwa: David Bordwell alifundisha hapo miaka mingi, na kitabu cha Film Art alichokiandika na Kristin Thompson, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1979, kinasomwa dunia nzima. Shule hiyo haitaki kuambiwa kwamba filamu inatisha. Inataka kuambiwa inatishaje: kamera iko wapi, shoti ina urefu gani, sauti inaingia sekunde ipi, na kwa nini si sekunde moja kabla.

Basi tazama mara mbili. Mara ya kwanza ukumbini, bila kalamu, ogopa kama watu wengine. Mara ya pili maktaba, chukua tukio moja tu la dakika mbili au tatu, hesabu mikato, andika kinachosikika wakati hakionekani. Ukikosa pa kuanzia, tafuta Cat People ya 1942: mwanamke anatembea usiku, anahisi anafuatwa, kimya kinazidi, halafu kitu kinafoka ghafla, na kumbe ni basi linafunga breki. Mbinu hiyo imeigwa tangu hapo mpaka watu wakaichoka. Aya mbili zinazoeleza lile basi vizuri zitakupa alama nyingi kuliko kurasa tano za maoni yako juu ya woga wa binadamu.

Usiogope pia kupeleka chako mezani. Mussa Banzi alitengeneza filamu za kutisha kama Nsyuka na Shumileta wakati sinema ya video ya Tanzania inaanza kujipatia jina, na profesa wako huenda hajawahi kuziona. Muulize mapema, kabla ya wiki ya kukusanya insha, kama anakubali. Na kama unahangaikia nakala, wakutubi wa chuo ndio watu wa kuwaendea; Wamarekani wengi hawajui kwamba maktaba yao huweza kuwaagizia kitu kutoka maktaba za vyuo vingine bila wao kulipa chochote. Kwa filamu za mtandaoni, uliza kuhusu Kanopy, ambayo vyuo vingi na maktaba nyingi za umma huilipia. Unaingia kwa kitambulisho au kadi ya maktaba. Kabla hujalipia huduma ya tatu ya filamu kila mwezi, malizana na hizo za bure.

Kuonyesha filamu mwenyewe

Wenzako wa bwenini watapendekeza mfunge projekta sebuleni na kubandika tangazo ngazini. Hapo kuna mtego. Kutazama na marafiki chumbani ni sawa, lakini filamu ikishatangazwa kwa watu wote, hata bila kiingilio, sheria ya hakimiliki inaitambua kuwa maonyesho ya hadhara, na inahitaji leseni ambayo gharama yake itawashangaza. Kuwa na akaunti ya kulipia hakubadilishi kitu.

Njia ya kutokea ni filamu zisizo na hakimiliki tena nchini Marekani. Night of the Living Dead ni mojawapo, kwa sababu ya kichekesho: wasambazaji walibadilisha jina lake dakika za mwisho, na pale walipoweka jina jipya wakasahau kurudisha alama ya hakimiliki, ambayo wakati huo ilikuwa lazima. Nyingine ni Nosferatu ya 1922, filamu ya Mjerumani F. W. Murnau ambayo mjane wa Bram Stoker aliishtaki, na mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Zilizonusurika ndizo tunazotazama. Kwa kuwa haina sauti, mpe mwenye gitaa au kinanda kazi ya kuisindikiza, na utakuwa umeandaa usiku ambao watu watauzungumzia hadi Desemba. Angalia tu usichukue toleo lenye muziki uliorekodiwa siku hizi. Muziki huo unaweza kuwa na mwenyewe.

Bisi zipikwe jikoni. Bwenini ving'ora vya moshi havina subira, na jengo zima likitolewa nje usiku wa baridi kwa ajili ya sufuria lako, utajulikana kwa jina ambalo hukulichagua.

Mavazi na usiku wenyewe

Usinunue vazi la duka la Halloween, la plastiki, la kuvaliwa mara moja. Nenda kwenye mitumba. Madison ina maduka ya St. Vincent de Paul na Goodwill, na humo utayakuta mashati na makoti yaleyale ambayo yangekusubiri kwenye soko la mitumba la Karume miezi kadhaa baadaye, ila hapa hakuna wa kukufungulia belo asubuhi. Mpenda filamu ana faida: mhusika mmoja hutambulika kwa kitu kimoja. Ovaroli ya buluu iliyokoza na barakoa nyeupe vinatosha kwa Halloween. Suti nyeusi iliyobana, kucha ndefu za karatasi na mgongo uliopinda, umekuwa Nosferatu.

Haya usiyafanye. Usivae taifa au kabila la watu wengine kama vazi la kuchekesha, na usibadilishe rangi ya ngozi yako. Vyuoni jambo hili limeleta magomvi makubwa, na utetezi wa kwamba wewe ni mgeni hausikilizwi. Na usibebe bunduki bandia, hata ya maji, hata kama mhusika wako anayo. Hilo namwambia kila mtu, na mwanafunzi mweusi namwambia mara ya pili. Kuhusu kanzu, buibui au kitenge chako cha kila siku: vaa ukitaka, lakini usiku huo jiandae kuulizwa umejifanya nani.

Walio na msimamo wa dini kuhusu sikukuu hii, Waislamu kwa Wakristo, hawako peke yao. Wapo Wamarekani wengi wasioisherehekea kabisa. Unaweza kusema hapana kwa mavazi na pombe, ukasema ndiyo kwa filamu. Hakuna anayeangalia.

Mtaa wa State, unaounganisha chuo na jengo la bunge la jimbo, una historia yake na usiku huu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sherehe ilikuwa ikiishia kwenye vurugu na polisi kupuliza dawa ya pilipili, hadi mwaka 2006 mji ukaweka uzio na tiketi na kuiita Freakfest, ikaendelea hivyo mpaka janga la UVIKO-19. Ukienda mtaani, nenda na watu unaowajua na mkubaliane mtarudi vipi. Umri wa kunywa ni miaka 21. Aliye na viza ya mwanafunzi hana sababu ya kujaribu bahati yake mbele ya polisi kwa chupa moja ya bia. Basi namba 80 linalozunguka chuoni halidai nauli, ila angalia ratiba ya usiku kabla hujaagana na wenye magari.

Kama umepanga nyumba mtaani badala ya bweni, watoto watakuja mlangoni jioni na vifuko vyao. Taa ya barazani ikiwaka, maana yake wanakaribishwa, ukiizima, watapita. Ningekushauri uiwashe. Mfuko mmoja wa pipi unatosha, na utawaona majirani ambao baadaye, theluji ikianza, ndio watakaokuazima koleo.

Tarehe 1 Novemba pipi zilizobaki madukani hushuka bei, na huo ndio wakati wa kununua akiba ya mitihani. Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa nane usiku, saa za Marekani hurudishwa nyuma saa moja. Simu itajirekebisha yenyewe, saa ya ukutani haitajirekebisha, na saa ya nyumbani Tanzania au Kenya kuanzia siku hiyo iko mbele yako kwa saa tisa badala ya nane. Mjulishe mama kabla hajakaa kukusubiri. Saa hiyo uliyoongezewa itoe kwa filamu ya Jumamosi usiku, maana Jumatatu kuna insha.